Fungua Chemba, Fungua Hati ya Bima: Kujikinga na Majitaka Yanayorudi Ndani ya Nyumba

Kila masika yanapokaribia, wasomaji huniuliza maswali yaleyale mawili. La kwanza: "Maji ya choo yanarudi bafuni, nifanye nini?" La pili: "Nina bima ya nyumba, je, watanilipa?" Leo nayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu yameshikana. Anayetunza bomba lake ndiye anayeweza kudai fidia akasikilizwa.

Jambo hili lilinikuta mwenyewe. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, tulikuwa tumepanga Ilala, Dar es Salaam. Usiku wa manane, tundu la maji la sakafuni bafuni, lile mafundi wanaloliita floo trapu, likaanza kukoroma. Nikasikia, nikageuka upande wa pili, nikalala. Alfajiri maji meusi yalikuwa yamefika chini ya kitanda cha watoto na godoro limelowa upande mzima. Mwenye nyumba alikuwa na bima. Mtathmini wa hasara alipokuja hakuanzia chumbani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akachuchumaa na tochi yake kwenye chemba, kile kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba la majitaka, akamwomba fundi apitishe fito. Zikatoka nepi, mafuta ya kupikia yaliyoganda kama sabuni, na mchanga wa kusugulia masufuria. Akapiga picha, akaandika. Dai likakataliwa kwa maelezo kwamba bomba lilikuwa limeziba siku nyingi bila kutunzwa. Na vitu vyetu sisi wapangaji havikuwamo kabisa katika bima ile.

Hakuna aliyekuwa amefungua chemba, na hakuna aliyekuwa amesoma hati. Nisingependa wewe ulipie somo hilo kama tulivyolipa sisi.

Kwanza: majitaka yako yanakwenda wapi?

Usimwite fundi wala wakala wa bima kabla hujajua jibu la swali hili. Dar es Salaam, mtandao wa mabomba ya majitaka wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, umefika maeneo machache, kama katikati ya jiji, Kariakoo na Upanga. Wengi wetu tuna karo, yaani tangi la majitaka la ardhini, au shimo. Angalia uko kundi lipi:

- Umeunganishwa na mtandao. Hatari yako ni bomba kubwa la mtaani kuzidiwa au kuziba, kisha majitaka ya majirani yakatafuta njia kupitia kwako.
- Una karo na shimo la kunyonyea. Hatari yako ni ardhi kujaa maji wakati wa mvua. Shimo linaacha kunyonya, karo linajaa, choo kinagoma.
- Mnatumia chemba au karo moja nyumba kadhaa. Hatari yako ni tabia za watu wote wanaotumia bomba hilo.

Fahamu pia mpaka wa wajibu. Kwa kawaida bomba kuu la mtaani ni la mamlaka ya maji, na bomba linalotoka nyumbani kwako hadi kwenye maungio ni lako. Ukiona chemba ya barabarani inatapika, toa taarifa kwa mamlaka, kisha andika tarehe, saa na namba ya taarifa uliyopewa. Karatasi hiyo itakufaa kwenye madai.

Dalili zinazokuja kabla ya janga

Majitaka hayaji bila kubisha hodi. Sikiliza na uangalie:

1. Floo trapu au sinki linakoroma au kutoa mapovu mtu anapovuta maji ya choo.
2. Maji ya kuoga yanashuka polepole kuliko zamani.
3. Harufu inazidi jioni au kabla ya mvua.
4. Kingo za mfuniko wa chemba zimelowa au zina alama nyeusi wakati hakuna mvua.
5. Majani yamenawiri ghafla sehemu moja juu ya njia ya bomba.

Sinki moja likisumbua, tatizo huwa karibu na sinki hilo. Choo, bafu na jiko vikisumbua kwa pamoja, tatizo liko kwenye bomba kuu la nyumba au mbele zaidi. Hapo acheni kutumia maji mpaka chemba ifunguliwe.

Kazi za Februari na Septemba

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike Februari na Septemba, ardhi ikiwa kavu na mafundi hawajabanwa na kazi.

- Fungua kila chemba. Maji yapite bila kutuama. Chemba ya juu ikiwa imejaa na inayofuata ni kavu, kizuizi kiko kati ya hizo mbili.
- Safisha gali trapu, kile kishimo cha nje chenye chujio. Hakikisha mdomo wake uko chini kuliko floo trapu ya ndani. Hivyo majitaka yakirudi yatamwagikia uani badala ya sebuleni. Lakini mdomo huo huo uinuke kidogo juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie.
- Ondoa maji ya paa kwenye mfumo wa majitaka. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Bomba la milimita 110 lililowekwa kwa ajili ya choo haliwezi kubeba mvua ya paa zima.
- Kagua mteremko. Kwa bomba la milimita 110, kushuka sentimita 2.5 kila mita moja ni kipimo kizuri. Bomba lililolala halisukumi kinyesi.
- Angalia miti. Mizizi ya mfikusi, mwarobaini na mwembe huingia kwenye maungio yaliyoachia.
- Piga picha. Chemba kabla na baada ya kusafishwa, pamoja na risiti ya fundi. Hifadhi kwenye simu na mahali pengine.

Na ndani ya nyumba, wote wakubaliane: mafuta ya kupikia, nepi, pedi, matambara, magunzi, majivu na mchanga wa kusugulia masufuria havishuki chooni wala kwenye sinki. Weka ndoo ya taka yenye mfuniko ndani ya kila choo. Kama kuna msaidizi wa kazi, mwelekeze kwa upole na umpe mahali pa kumwaga mafuta yaliyotumika. Usimlaumu kwa jambo ambalo hakuelezwa.

Vali ya kuzuia maji kurudi: nani anaihitaji?

Majitaka yakirudi hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko mengine. Kwa hiyo linganisha kimo cha sakafu yako na mfuniko wa chemba ya barabarani. Fundi ana njia rahisi: mpira mwembamba unaoonyesha maji, ncha moja ukutani kwako, nyingine kwenye chemba. Sakafu yako ikiwa chini ya mfuniko, nyumba yako ndiyo itakayofurika kabla ya barabara.

Ukiwa katika hali hiyo, weka vali kwenye bomba linalotoka nyumbani. Lakini jihadhari na makosa haya:

- Kuifukia. Vali ikae ndani ya chemba inayofunguka. Uchafu ukikwama kwenye ulimi wake haitafunga, nawe hutajua.
- Kuendelea kutumia maji ikiwa imefunga. Vali inapozuia ya nje kuingia, inazuia pia ya ndani kutoka. Mkioga na kufua wakati huo, mtafurikwa na maji yenu wenyewe.
- Kuunganisha bomba la paa nyuma yake. Mvua ikinyesha na vali ikiwa imefunga, maji ya paa yote yatabaki upande wako.
- Kuisahau. Ikaguliwe kila Februari na Septemba.

Kwa dharura, floo trapu inaweza kuzibwa kwa kizibo cha mpira kinachokazwa kwa skrubu. Tambara na jiwe havizuii kitu: msukumo wa maji huvirusha.

Wenye karo, someni hapa

Nyonyeni karo kabla ya mvua. Tope na povu gumu vikifika theluthi moja ya kina chake, muda umefika. Mkingoja hadi katikati ya masika, mtalipia gari leo na kesho karo limejaa tena kwa maji yanayopenya kutoka ardhini. Tangi la plastiki likinyonywa likabaki tupu huku ardhi imejaa maji, linaweza hata kuinuka na kuvunja mabomba.

Muulize mwenye gari anakwenda kumwaga wapi. Mahali halali ni mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Vingunguti. Anayemwaga mtoni anayarudisha kwenye visima vya watu.

Maonyo mawili, na ninayasema kwa uzito wote:

1. Mtu asiingie ndani ya karo au shimo, hata kwa dakika moja, hata kuokota ndoo. Gesi iliyomo huangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Usiwashe kiberiti kutazama ndani.
2. Usitapishe choo mvua inaponyesha. Najua wengi hufanya hivyo kwa kukosa pesa ya gari. Lakini kinyesi unachokiachia usiku, asubuhi watoto wa jirani wanakikanyaga wakienda shule. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilitukumbusha kwamba uchafu wa nyumba moja haubaki katika nyumba moja. Changishaneni na majirani, gari moja linyonye nyumba mbili au tatu.

Bima inalipa nini hasa?

Sasa fungua hati, kwa maana ya kuisoma. Bima nyingi za nyumba kwetu ni bima ya moto na majanga mengine yanayoongezwa juu yake: radi, dhoruba, mafuriko, na kupasuka au kufurika kwa matangi na mabomba ya maji. Majitaka kurudi ndani mara nyingi hayatajwi kwa jina lake. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kampuni inaweza kusema haya si mafuriko, kwa sababu maji hayakuingilia mlangoni. Wala si kupasuka kwa bomba, kwa sababu bomba ni zima.

Karibu kila hati pia haimlipi mtu kwa uchakavu, uharibifu wa polepole na kukosa matunzo. Bima ipo kwa ajili ya ajali ya ghafla. Bomba lililoziba kidogo kidogo kwa miaka 3 ni vigumu kuliita ajali.

Kwa hiyo usimuulize wakala, "Nyumba yangu iko salama?" Atakujibu ndiyo. Mwandikie barua au ujumbe kama huu:

*"Nyumba yangu ina hati namba fulani. Je, hati hii inalipa uharibifu wa jengo na vyombo unaosababishwa na majitaka kurudi ndani kupitia choo, floo trapu au chemba, mvua ikiwepo au isipokuwepo? Kama hailipi, naweza kuongeza kipengele hicho, na kwa ada kiasi gani? Naomba jibu kwa maandishi, mkitaja kifungu."*

Kisha hakikisha mambo haya matano:

- Jengo na vyombo vimeandikwa vyote viwili? Bima ya jengo hailipi godoro, friji wala televisheni.
- Thamani ni sahihi? Andika gharama ya kujenga upya, bila bei ya kiwanja. Ukiandika pungufu, utalipwa pungufu. Nyumba ya shilingi milioni 100 iliyokatiwa bima ya milioni 60, ikipata hasara ya milioni 10, inaweza kulipwa milioni 6 tu.
- Ekses ni kiasi gani? Hicho ni kiasi unachobeba mwenyewe katika kila dai.
- Kuna kikomo cha malipo kwa majitaka au kwa gharama za usafi?
- Kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania? Lipa kwa kampuni, chukua risiti na hati. Ahadi ya mdomo haina kifungu.

"Lakini mimi..."

*"...nimepanga, bima ni ya mwenye nyumba."* Yake inalinda jengo lake. Vyombo ni vyako. Ulizia bima ya vyombo peke yake. Mwombe pia mwenye nyumba akuonyeshe chemba kabla hujalipa kodi.

*"...nyumba ina mkopo wa benki, bima ilishakatwa."* Bima hiyo ilikatwa kwanza kwa ajili ya mkopo, na mara nyingi inahusu jengo tu. Omba nakala uisome.

*"...kampuni za bima hazilipi."* Uchungu huo naujua. Lakini madai mengi huangukia mahali palepale: hakuna picha, hakuna risiti, taarifa ilichelewa, kipengele hakikuwamo. Hayo manne yako mikononi mwako. Na ukionewa, kuna pa kukimbilia, nitaeleza hapo chini.

*"...dini yangu hainiruhusu bima ya kawaida."* Ulizia takaful, ambayo sasa inapatikana Tanzania na Kenya. Maswali ya kuuliza ni hayohayo.

*"...sina uwezo wa kulipa ada."* Basi anza na chemba. Kusafisha chemba, kuondoa maji ya paa na kuweka ndoo ya taka chooni ni gharama ndogo, na ndiyo sehemu kubwa ya kinga.

*"...niko ughaibuni."* Walioko Marekani wajue kwamba hati ya kawaida ya nyumba huko huondoa majitaka yanayorudi kupitia mabomba. Huongezwa kama kipengele cha pembeni chenye kikomo chake. Bima ya mafuriko ni hati nyingine kabisa, na ile ya mpango wa serikali kwa kawaida husubiri siku 30 kabla ya kuanza kazi. Usingoje mawingu.

Yakishaingia: saa ya kwanza

1. Ondoa watoto, wazee na wagonjwa. Mtu asitembee pekupeku.
2. Zima umeme kwenye swichi kuu, kama unaweza kuifikia ukiwa mahali pakavu. Kama huwezi, usiguse. Piga simu TANESCO, shirika la umeme.
3. Acheni kutumia maji nyumba nzima, pamoja na wapangaji wa juu.
4. Fungua mfuniko wa chemba ya nje iliyo karibu, ukisimama mbali nao kidogo. Mara nyingi maji ya ndani hushuka papo hapo.
5. Piga picha na video kabla ya kusogeza kitu: kimo cha maji ukutani, kila chombo kilicholowa, chemba, na barabara.
6. Ijulishe kampuni ya bima siku hiyohiyo kwa maandishi. Muda wa mwisho umeandikwa kwenye hati.
7. Kisha okoa kinachookoka. Bima inakutaka upunguze hasara, usikae ukiitazama.

Kusafisha bila kuugua

Vaa buti na glavu za mpira. Toa tope, osha kwa maji na sabuni, ndipo upake dawa; klorini haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Kwa dawa ya kufulia yenye klorini ya asilimia 3.5, changanya kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, iache juu ya sakafu dakika 10, kisha suuza. Usiichanganye kamwe na tindikali ya kusafishia choo. Inatoa hewa ya sumu.

Godoro, mito, zulia nene na kabati za mbao za kubandikwa zilizonyonya majitaka hazifai tena. Inauma kuzitupa, lakini zipige picha, mtathmini azione, kisha ziondoke. Nguo hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Wengi husahau tangi la maji la ardhini. Kama majitaka yamefika kwenye mfuniko wake, usinywe wala kupikia maji hayo. Limwage, lisuguliwe, litiwe klorini. Mwenye jeraha lililoguswa na majitaka aende kituo cha afya aulizie chanjo ya pepopunda. Mwenye kuharisha maji asisubiri kesho.

Kudai fidia

Andaa faili moja: hati, risiti ya ada, picha za ukaguzi wa Februari au Septemba, picha za tukio, namba ya taarifa ya mamlaka ya maji, maelezo ya fundi kuhusu chanzo, na orodha ya vitu na bei zake. Sema ukweli mtupu. Kuongeza televisheni ambayo hukuwa nayo kunaweza kuliua dai zima.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu. Kata rufaa ndani ya kampuni kwanza. Usiporidhika, Tanzania kuna TIRA na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kenya kuna IRA, mamlaka inayosimamia bima huko. Barua yako iwe fupi na yenye tarehe.

Jumamosi hii

Usiache makala haya yaishie kwenye kusoma. Fanya mambo matatu:

- Fungua chemba moja, angalia, piga picha.
- Tafuta hati yako ya bima, au umuulize mwenye nyumba kama anayo.
- Tuma ule ujumbe kwa kampuni.

Mimi hufungua yetu Jumamosi ya kwanza ya Februari. Jirani hunishikia mfuniko, tunagawana pesa ya fundi, na watoto husimama mbali wakiwa wameziba pua. Bado kila masika, mvua ikianza usiku, huamka na kwenda bafuni kusikiliza. Floo trapu ikiwa kimya, narudi kulala.